Nyumba Isiyo na Mbuzi

Shangazi yangu, ambaye sehemu kubwa ya umri wake aliipitisha barazani kwake Ng'ambo, Unguja, akishona kofia za viua kwa ajili ya vichwa vya wanaume wa mji na vya wasafiri waliozichukua hata Maskati, hakuwa mtu wa kushawishika upesi kwa mambo ya upuuzi. Kwa hiyo, alipokuja London kututembelea, nami nikamweleza kuwa mwezi huo wa Mei, pale Kensington, kutakuwa na soko la mafundi wa nyumba za wanasesere, na kwamba ningefurahi kama angekubali tufuatane kwenda kulitazama, hakunijibu mara moja, bali alinyoosha mkono akanigusa kipaji cha uso kutazama kama nina homa. "Mwanangu," akasema, "mimi nimezaa, nimelea, nimezika, leo nivae koti zito nikatazame watoto wa bandia?" Nikamwambia kuwa watoto wa bandia ni wachache kuliko vitu vyote sokoni humo, na kwamba waendao huko aghalabu ni watu wazima, wengi wao wenye mvi, ambao hawavutwi ila na mapenzi ya kazi ya mkono. Neno hilo la kazi ya mkono ndilo lililomwinua kitini.

Soko lilikuwa ndani ya jumba la manispaa. Meza zilipangwa safu kwa safu, kila meza imetandikwa kitambaa na kuwashwa taa yake ndogo, na nyuma ya kila meza ameketi fundi mwenye kioo cha kukuzia kimening'inia kifuani. Kilichonishangaza kwanza ni ukimya wa mahali penyewe, maana mamia ya watu walikuwamo, wakisukumana kwa adabu, lakini mtu anayeinamia kitu kisichozidi kucha yake hushusha sauti bila ya kuambiwa, na pengine hushusha hata pumzi, asije akapeperusha mali ya watu.

Kipimo kinachotawala katika kazi hii ni kuwa inchi moja husimama badala ya futi moja, yaani kila kitu huwa sehemu moja ya 12 ya ukubwa wake wa kweli: mlango wa futi 7 huwa wa inchi 7, kiti cha futi 3 huwa cha inchi 3, na kikombe cha chai hukaa juu ya ukucha wa kidole cha shahada na ukucha ukabaki. Asiyejua hudhani kuwa kazi yote basi ni kugawanya kwa 12, na kwamba mwenye rula na subira atafika. Lakini maumbile hayakubali kugawanywa. Mwaloni, ambao ndio mti wa samani kongwe za Kiingereza, una nyuzi pana mno, hata meza ya mwaloni iliyopunguzwa kwa kipimo hicho huonekana imepasuliwa kutoka katika gogo la jitu. Basi fundi huuacha, akatafuta mti wa matunda wenye nyuzi za karibukaribu, kama mpea, akaupaka rangi mpaka macho yaridhike kuwa ni mwaloni. Pazia nalo, hata likikatwa kwa hariri nyepesi kabisa, halianguki lenyewe kwa uzito wake kama pazia la dirisha kubwa, ila husimama wima na kujitanua. Ikamlazimu mshonaji alirowanishe, alikunje kunjo kwa kunjo, alibane kwa pini juu ya ubao na kuliacha likauke katika umbo ambalo lingepaswa kulipata bure. Shangazi, nilipomfasiria maelezo hayo ya mshonaji wa pazia, alitikisa kichwa kwa huruma ya mtu wa kazi moja naye. "Nguo haijui kuwa imefanywa ndogo," akasema.

Tangu hapo hakuhitaji tena kuongozwa. Alitangulia, nikamfuata.

Palikuwa na mzee mmoja aliyeuza viti vyenye miguu iliyokerezwa, kila mguu mwembamba kuliko njiti ya kibiriti, na pete zake zote zimetokeza sawasawa. Shangazi aliomba ruhusa kwa ishara ya mkono, akakitwaa kiti kimoja kwa vidole viwili, na badala ya kukitazama mbele, walikokuwa wakitazama wateja wengine wote, akakipindua, akachungulia chini ya kikalio. Kisha akanituma nimwulize kama miguu imegandishwa kwa gundi tu au imetiwa ulimi. Mzee akafungua kisanduku akatoa mguu ambao haujaunganishwa bado, na nchani mwake mlikuwa na ulimi mwembamba kiasi cha kuwa niliuona kwa kioo tu. Akatueleza kuwa gundi peke yake haitoshi, kwa sababu nyumba za wanunuzi wake hutiwa moto miezi yote ya baridi, na mti, uwe mkubwa uwe mdogo, hunywea na kuvimba. Kiti kisicho na ulimi huachana viungo kabla mwenyewe hajakichoka.

Bei ya kiti hicho ilikuwa bei ya kiti cha kukaliwa. Mimi niliguna, Shangazi hakuguna. Akanikumbusha kuwa maisha yake yote alisumbuliwa na wanunuzi waliotaka kofia ya mtoto kwa nusu ya bei, kwa hoja kwamba kitambaa kilichoingia ni kidogo, na yeye akawajibu siku zote kuwa kitambaa wakanunue dukani, kwani yeye anauza macho yake. Nadhani hakuna maelezo mafupi kuliko hayo juu ya thamani ya kazi ya mkono.

Katika meza nyingine alikuwapo mwanamke aliyefuma soksi, glovu na fulana za sufi kwa vyuma vyembamba vilivyokaribia kuwa pini za kushonea nguo. Nilipokuwa nikimtazama, nilimkumbuka Frances Glessner Lee, bibi tajiri wa Marekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1878, ambaye katika miaka ya 1940 alitengeneza vyumba vidogo kwa kipimo hikihiki cha 12, si kwa ajili ya tafrija, bali kwa kuwafundishia wapelelezi wa polisi. Kila chumba kilikuwa mahali palipotokea kifo cha mashaka: maiti ya kidoli sakafuni, meza iliyoandaliwa, kalenda ukutani, nguo kwenye kamba, na mwanafunzi akitakiwa kutazama kwa taratibu mpaka aone ni kipi kati ya vitu hivyo kinachosema kweli. Inasimuliwa kuwa soksi za maiti zake alizifuma mwenyewe kwa pini. Vyumba hivyo vilikuwa mali ya mafunzo ya Harvard, na baadaye vikahamishiwa Baltimore, ambako 18 kati yake viliendelea kusomeshea wapelelezi. Nilimsimulia Shangazi habari hiyo, naye hakuiona kuwa ni ya ajabu hata kidogo. Mwosha maiti wa mtaani kwao, akasema, huingia chumbani akajua kwa kutazama mto na bilauri tu jinsi usiku wa marehemu ulivyopita.

Lazima niseme hapa kwamba nyumba za namna hii hazikuanza kuwa mchezo wa watoto, na hata leo si mchezo wao. Katika karne ya 17 wake wa matajiri wa Uholanzi walikuwa na makabati yaliyogawanywa vyumba, ambayo mtoto hakuruhusiwa kuyagusa. Lililo mashuhuri kuliko yote ni lile la Petronella Oortman, mke wa mfanyabiashara wa hariri wa Amsterdam, lililotengenezwa kati ya mwaka 1686 na 1710, na ambalo sasa limo katika makumbusho ya Rijksmuseum. Samani zake zilifanywa na mafundi wa samani za kweli, na vyombo vyake vya kaure viliagizwa kutoka mashariki ya mbali. Kabati lenyewe limepambwa kwa gamba la ng'amba, bidhaa ambayo mabaharia waliifuata katika pwani yetu tangu zamani sana. Kitabu cha Wayunani cha karne ya kwanza juu ya safari za bahari ya Hindi kinaitaja miongoni mwa vitu vilivyotoka katika bandari ya Rhapta. Sisemi kuwa ng'amba wa bibi yule alivuliwa kwetu, kwani hilo halina shahidi. Ila mtu aliyeziona nyumba za kale za Lamu, zenye kuta za vidaka vilivyopangwa kaure za Kichina safu juu ya safu, hawezi kulitazama kabati la Amsterdam bila kutambua kuwa wenye nyumba wa pande mbili hizo walikuwa na fakhari ya namna moja, na wauzaji wao walipita bahari ileile.

Kuna na nyumba ile ya Windsor, ambayo nilikuwa nimekwisha kuiona kabla ya siku hiyo. Hiyo ilitengenezwa kati ya mwaka 1921 na 1924 iwe zawadi ya Malkia Mary, kwa wazo la Princess Marie Louise, na ramani yake ilichorwa na Edwin Lutyens, msanifu aliyeusanifu mji mpya wa Delhi. Ina taa za umeme zinazowaka, lifti zinazopanda na kushuka, maji ya moto na ya baridi yanayotoka mferejini, na chupa zenye divai ya kweli ndani yake. Waandishi waliombwa wachangie vitabu vya maktaba yake, vyenye ukubwa wa stampu ya barua au zaidi kidogo, na Arthur Conan Doyle aliandika kisa kipya cha Sherlock Holmes kwa ajili hiyo. Bernard Shaw alikataa, naye, kwa kadiri ninavyomdhania, alifurahia kukataa kuliko wengine walivyofurahia kukubali. Mwaka 1924 ilionyeshwa Wembley, katika maonyesho makubwa ya dola ya Kiingereza, ambako nchi za Afrika Mashariki nazo zilikuwa na banda lao, zimepangwa na kuandikwa majina kama vyumba vya kabati. Ni kazi isiyo na mfano, wala sitaki kuwapunguzia mafundi wake haki yao. Hata hivyo niliitazama kwa kichwa zaidi kuliko kwa moyo, na kwa miaka kadhaa sikujua sababu, mpaka Shangazi aliponionyesha bila kukusudia.

Katikati ya ukumbi wa Kensington palikuwa na nyumba moja kubwa iliyowekwa kwa maonyesho, ya ghorofa tatu, imefunguliwa mbele. Watu walijazana hapo wakisifu ngazi, vioo na zulia la sebuleni. Shangazi aliingia katikati yao kwa upole wa mtu aliyezoea msongamano wa maulidi, akainama, akaipitishia macho yake chumba kwa chumba, akisoma kama anayesoma mistari. Alipomaliza, akainuka na kuuliza kwa sauti ambayo, kwa bahati njema, hakuna aliyeielewa ila mimi: "Wenyewe wanakula nini?" Maana jiko lilikuwapo, lakini lilikuwa safi mno, masufuria yametundikwa kwa urefu, hakuna ganda la kitunguu, hakuna maji, hakuna kitu kilichoinjikwa. Nyumba nzima ilikuwa imetengenezwa ipokee wageni, wala haikuwa na dalili ya mtu aliyeamka humo na njaa.

Basi tukaondoka hapo tukaenda kwa wauza vyakula, na humo ndimo tulimopitisha saa nyingi kuliko penginepo. Vyakula hivyo hufinyangwa kwa udongo wa plastiki unaookwa ndani ya joko la jikoni, ukatiwa rangi kwa brashi ya nywele chache: mikate yenye majivu ya unga, jibini lililokatwa pembe, kabichi ambayo kila jani lake limefinyangwa peke yake. Palikuwa na sinia ya samaki, ndogo kuliko stampu, na samaki wenyewe kama mbegu za tikiti. Shangazi aliazima kioo cha mwenye meza, akawatazama kwa muda mrefu, akanigeukia akasema, "Mwambie samaki wake wamelala." Nilisita, lakini yeye hakuacha, basi nikafasiri kwa maneno ya adabu kadiri nilivyoweza: kwamba bibi huyu, ambaye amenunua samaki mnadani tangu utoto wake, anaona kuwa macho ya samaki hawa yamefifia na kuzama, ilhali samaki wa leo jicho lake huwa la kung'aa na limetokeza, na mashavu yake mekundu. Mwenye meza alikichukua kioo chake, akatazama, akacheka, kisha akatoa daftari akaandika. Walishikana mikono kwa nguvu, na Shangazi akapewa ndimu mbili katika pakiti ya karatasi, ambazo hata leo zimo ndani ya kikasha chake cha sindano.

Historia inamuunga mkono Shangazi, ingawa hakuisoma. Mjini Nürnberg, Ujerumani, mwaka 1631, mwanamke aitwaye Anna Köferlin aliionyesha nyumba yake ndogo kwa watu waliolipa kuingia, akachapisha na karatasi ya kuwasihi watoto waitazame vizuri wapate kujifunza namna nyumba inavyoendeshwa. Na mafundi wa mji huo walisifika kwa majiko madogo ya kuchezea, yenye vyungu na sufuria za kila aina, ambayo wasichana waliyatumia kujifunza mpango wa kazi za nyumbani. Sisi pwani hatukuwa na mafundi wa namna hiyo, lakini vifuu tulikuwa navyo. Kila aliyekulia kwetu amepika, au amelishwa, pilau ya mchanga ndani ya kifuu juu ya mafiga matatu ya mawe madogo, akakaripiwa kwa kuweka mboga ya majani ya mkwaju kabla "mchele" haujaiva. Shangazi anasema kuwa uharaka wa moto aliujua katika vifuu kabla hajaruhusiwa kukaribia jiko la mama yake, na kwamba mtoto asiyepika vifuu hupikia watu kwa hesabu tu.

Tulipoketi kunywa chai katika pembe ya ukumbi, nilimwuliza: kama tungeitengeneza nyumba ya Mji Mkongwe kwa kipimo hiki cha 12, tungeanzia wapi? Mimi mwenyewe nilikuwa tayari na jibu langu, nikamwelezea mlango wa kuchongwa wenye mnyororo na maua, njumu za shaba, baraza ya mawe, kitanda cha samadari, na kuta za chokaa zenye vidaka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kuwa nimejenga hoteli.

Ni kweli. Milango ile imepigwa picha na kuchongwa midogo ya kuuzwa kwa watalii hata mtu anaweza kudhani kuwa Waunguja waliishi mlangoni. Yeye angeanzia uani: kinu na mchi wake, na ungo ulioegemezwa ukutani, mtungi na kata ya kifuu juu yake, kifumbu kilichokamuliwa na kuanikwa, kawa la kufunikia, pakacha la ndizi, kamba ya nguo, na katikati ya vyote, mbuzi wa kukunia nazi, chicha nyeupe zimebaki katika meno yake. "Nyumba isiyo na mbuzi," akasema, "hao wanaokaa humo ni wapangaji." Huko mbele, akaongeza, kila mtu anaweza kuazima kwa jirani siku ya harusi, kiti, zulia, hata buli, lakini uani huwezi kuazima, kwa kuwa hakuna mgeni wa kumwonyesha. Ndipo nikafahamu kwa nini nyumba ya Windsor ilinipita pembeni. Ina jiko, na jiko lake ni zuri ajabu. Lakini imetengenezwa na watu 1,000 na zaidi kwa heshima ya mmoja, na katika heshima hakuna anayeacha chicha katika meno ya mbuzi.

Jioni ile, nyumbani, aliomba karatasi na penseli, akaanza hesabu ya kofia. Kofia ya mtu mzima ikipunguzwa kwa 12 inakuwa na upana wa sentimita moja na nusu hivi, na viua vyake, ambavyo katika kofia kubwa ni mamia, vinakuwa vidogo kuliko nafasi iliyopo kati ya uzi na uzi wa kitambaa. Yaani hakuna tundu linaloweza kutobolewa, kwa kuwa tundu lenyewe limekwisha kuwa dogo kuliko nguo. Aliikabili shida hiyo kwa siku kadhaa. Mwisho aliamua kutoboa safu moja tu ya viua pembezoni, na nyingine zote kuzidokeza kwa mishono ya uzi mmoja wa hariri uliochambuliwa, akawa amefanya, bila ya kuagizwa na mtu, kile wanachofanya mafundi wa samani ndogo wanapouacha mwaloni wakachukua mpea. Kofia hiyo ninayo. Mtu akiitazama haraka huapa kuwa viua vyote vimo.

Mbuzi ulikuwa taabu zaidi. Aliporejea Unguja alimtuma mpwa wake mwingine, ambaye ni seremala, achonge mmoja wenye urefu wa kidole gumba, na ulimi wa chuma uliokatwa kwa kipande cha wembe na kutiwa meno kwa tupa. Seremala alichonga vizuri, akaupeleka. Shangazi akaujaribu kuukunja, ukakataa, kwa sababu ile miguu iliyopishana ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Akaurudisha. Seremala akatoa hoja kuwa mbuzi wa ukubwa huo hautakuniwa nazi wala kufichwa nyuma ya mlango, na wala hakuna atakayeukunja duniani. Shangazi akamjibu kuwa yeye mwenyewe amekwisha kuukunja, na ndiyo sababu umerudi.